Uzito unaojitajia mwenyewe mtandaoni: uaminike kwa kiasi gani?

Mwenzetu ameuliza kama ailipie programu ya mtandaoni inayodai wanachama wake wamepungua kilo kadhaa, ilhali kila mwanachama hujipima nyumbani na kutuma namba tu. Niliwahi kuratibu kundi la WhatsApp la namna hiyo hapa Dar es Salaam, watu 40 kwa miezi mitatu, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Uongo wa makusudi upo, lakini si ndio tatizo kubwa. Tafiti nyingi zilizolinganisha uzito uliotajwa na uliopimwa zimeonyesha kwamba watu kwa kawaida hujipunguzia kidogo, wanawake kuliko wanaume, huku wanaume wakipenda zaidi kujiongezea urefu. Mtu akijipunguzia kilo moja mwanzoni na kilo ileile mwishoni, hesabu ya alichopungua haiharibiki, kwa sababu makosa mawili hayo yanafutana. Tabu huanza pale kosa linapobadilika njiani. Mwanachama wetu mmoja alijipima mara ya kwanza jioni, kwa kijana mwenye mzani wa barabarani Kariakoo, akiwa na viatu na ameshiba. Mara ya mwisho alijipima alfajiri, nyumbani, kabla ya chai. Hakudanganya, lakini sehemu ya kilo "alizopungua" ilikuwa ni viatu, chakula na maji, kwani lita moja tu ya maji ni kilo nzima. Mwingine alihamisha mzani kutoka kwenye zulia kwenda kwenye vigae, na namba ikabadilika siku hiyohiyo.

Zawadi nayo hugeuza mambo. Tulichangishana shilingi 10,000 kila mmoja, fungu lote liende kwa atakayepungua zaidi, na ghafla watu wakaanza kujitajia uzito mkubwa mwanzoni. Tukaagiza picha ya mzani ukiwa umekanyagwa. Dada mmoja alituma picha ya wiki ya nne ambayo hina ya vidoleni ilikuwa imekolea vilevile kama ya wiki ya kwanza, hata mchirizi uliokosewa kwenye kidole gumba ulikuwa palepale. Sikumuumbua kundini, nilimwandikia pembeni, naye akacheka na kutuma namba nyingine.

Hata hivyo, kilichonifumbua macho zaidi ni ukimya. Mwishoni walioripoti walikuwa 14, na wastani wao ulikuwa kupungua kilo 5, namba ambayo ingependeza sana kwenye tangazo. Wale 26 hawakusema kitu, na kwa uzoefu wangu aliyepungua hanyamazi. Tukichukulia kwamba walibaki na uzito wao wa mwanzo, kama wafanyavyo baadhi ya watafiti kwa washiriki waliopotea, kilo 70 zinagawanywa kwa watu 40, na wastani unashuka hadi kilo 1.75. Na huko ni kuwahurumia, kwa maana huenda wengine waliongezeka.

Kwa kujifuatilia wewe binafsi, namba ya nyumbani inafaa, mradi mzani uwe uleule, sakafu ileile, asubuhi baada ya msalani. Kwa kuipima programu, waulize walioanza walikuwa wangapi na waliopimwa mwishoni wangapi. Mimi niliiuliza hivyo programu moja ya kulipia kabla sijajiunga. Nikajibiwa kwa picha sita za "kabla" na "baada".