Mcheza baleti asiyecheza

Wiki hii maswali karibu yote ni ya picha moja: Olga Khokhlova akiwa kitini, iliyochorwa na mchoraji Pablo Picasso kwa rangi za mafuta mwaka 1918.

Mnamwita mcheza baleti. Mbona amekaa tu?

Amekaa, ndiyo. Nywele kazitenga njia katikati, upepeo mkononi, macho yanatazama pembeni. Hakuna kiatu cha baleti wala jukwaa. Ila kazi yake ilikuwa hiyo kweli: alicheza katika kundi la densi la Ballets Russes la Sergei Diaghilev. Picasso alimkutia Roma mwaka 1917, alipokwenda kubuni mapazia na mavazi ya onyesho lao, Parade.

Nyuma yake ni turubai tupu. Rangi zilimwishia?

Hapana bwana! Tazama kiti chenyewe. Kitambaa cha maua kimechorwa ua kwa ua, lakini kiti hakina miguu, kinaelea tu. Picha hii ilitokana na fotografia iliyopigwa katika studio ya Picasso huko Montrouge, na humo vitu vya studio vinaonekana nyuma ya Olga. Picasso akaviacha vyote. Mimi naona alifanya la maana: angejaza ukuta na zulia, uso ule usingekushika namna hii.

Huyu si yule Picasso wa nyuso zilizopindapinda?

Ndiye huyohuyo. Inasemekana Olga alitaka akichorwa, sura yake aitambue. Alichorwa kwa mtindo wa kale, unaokumbusha picha za mchoraji Mfaransa Ingres.

Picha iko wapi?

Makumbusho ya Picasso, Paris. Ina kimo cha sentimita 130 hivi.

Mbona ana huzuni?

Wengi mmeuliza hili. Kwao Urusi kulikuwa na mapinduzi, na habari za ndugu zake zilikuwa haba. Tarehe 12 Julai 1918 yeye na Picasso walifunga ndoa katika kanisa la Kirusi jijini Paris. Mwaka huohuo mguu ulimsumbua, na jukwaa likaanza kumponyoka. Walitengana 1935 bila talaka, maana sheria ya Ufaransa ingemlazimu Picasso agawane naye mali, picha zikiwemo. Olga alifariki Cannes mwaka 1955, bado mke wake.