Unasomea uhisani wa jamii? Anza na daftari la mweka hazina

Wanafunzi wanaonijia wakitaka kuandika tasnifu kuhusu uhisani wa jamii, yaani jinsi watu wa jamii moja wanavyosaidiana, karibu wote huja na orodha ya wafadhili. Huwaomba waiweke kando kwanza, kisha nawauliza: huko unakotaka kufanya utafiti, mtu akiuguliwa usiku humpigia nani simu? Asiye na jibu bado hajafikia hatua ya kuandika dodoso.

Fani hii haikuanza jana. Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kilifungua kituo cha kuchunguza uhisani mwaka 1987, na baadaye kikawa shule kamili. Mfuko wa kwanza wa jamii, yaani mfuko wa kudumu wa kusaidia watu wa eneo moja, ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914 na mwanabenki Frederick Goff, aliyechoshwa na mali za wosia kufungwa na masharti ya marehemu hata yakishapitwa na wakati. Soma hayo yote, ila usijichimbie humo, maana ni historia ya wenye nacho. Mimi nilifumbuliwa macho na utafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town uliotoka mwaka 2005, uliofanyika Afrika Kusini, Msumbiji, Namibia na Zimbabwe. Ulichunguza jinsi maskini wanavyosaidiana wao kwa wao, ukaonyesha kwamba kutoa si kazi ya matajiri peke yao, na kwamba fedha ni sehemu tu ya kinachotolewa: kuna chakula, nguvu kazi, maarifa, na hata kukaa tu na mwenye shida.

Hapo ndipo madodoso mengi hukwama. Ukimuuliza mtu, "Mwaka huu umetoa msaada?" atakujibu hapana, na atakuwa anasema kweli kwa jinsi anavyouona msaada. Muulize mara ya mwisho jirani alipobisha hodi na shida ilikuwa lini, na ilikuwaje. Utaandika mpaka mkono uchoke.

Na kama kuna kikundi cha kusaidiana, omba kuona daftari lake. Mama mmoja mweka hazina aliwahi kunifungulia la kikundi chake. Safu ya kwanza majina, ya pili fedha. Pembeni, kwa penseli: "hana, amefua nguo za mgonjwa", "amelala hospitali siku mbili", "ametoa baiskeli". Nikamuuliza kama hao huhesabiwa wamechanga. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Sasa mwanangu, kufua si kuchanga?" Ukinakili safu ya fedha peke yake, nusu ya data umeiacha pembeni mwa ukurasa. (Majina ya waliosaidiwa usiyanakili kabisa. Msaada mwingi hudumu kwa sababu umesitiriwa.)

Kuhusu kuuhamasisha uhisani huu, nina mashaka kidogo na shauku ya vyuo. Kuna vyuo vinavyolikabidhi darasa fedha halisi za kugawa, wanafunzi wakachambua maombi ya vikundi na kupiga kura nani apewe. Ni zoezi zuri la kusoma bajeti, sikatai. Ila linamzoesha kijana kukaa upande wa meza wa mwenye fungu. Kama una mamlaka juu ya zoezi hilo, waweke wanakikundi kwenye kamati, wawe na kura sawa na wanafunzi.

Jihadhari pia na hamu ya kurasimisha. Kikundi kinachoamua kwa dakika kumi chini ya mti ukikibebesha katiba, fomu na ripoti za kila robo mwaka, wenye elimu kidogo hunyamaza na wenye kalamu wakashika usukani. Kwanza uliza wenyewe wanahitaji nini. Huenda ni sanduku lenye kufuli tatu, basi.

Matokeo yarudishe kabla hujakabidhi tasnifu, si baada ya mahafali. Yasome kwa sauti mbele ya kikundi, kwa lugha yao, na umwachie mweka hazina akusahihishe hesabu. Tenga muda wa kutosha, kwa kuwa watabishana wao kwa wao kwanza, na mabishano hayo nayo ni data.