Shangazi, mdogo wangu anaficha kibarua ili posho isikatwe

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu wa kiume aliachishwa kazi mwaka juzi akaingizwa kwenye posho ya serikali, mkewe hana kazi na wana watoto 2. Juzi nimeenda kwao bila kupiga simu nikakuta viatu vimejaa saruji vimesukumizwa chini ya kitanda, kumbe ana kibarua siku 3 kwa wiki, analipwa mkononi, na kwenye fomu kila mwezi anaandika hana kitu. Nilivyombana akanitolea daftari, kapiga hesabu kurasa mbili nzima, eti akisema ukweli anabaki pabaya kuliko mwanzo. Mimi kodi nakatwa kila mwezi Shangazi, roho inaniuma. Nimripoti? Na hii misaada si ndo inalemaza watu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hilo daftari, maana wengi tungelitupa pembeni na kumbe ndo penye tatizo.

Mdogo wako hajadanganya kwenye hesabu. Sehemu nyingi posho inakatwa kulingana na unachoingiza, sasa kama kwa kila 100 ya kibarua unakatwa 80, inabaki 20, hapo hujatoa nauli wala hujamlipa wa kukaa na watoto. Na kuna mipango mibaya zaidi, ina mstari, ukiuvuka hata kwa kidogo unapoteza posho yote pamoja na kadi ya matibabu na ruzuku ya pango kwa mkupuo mmoja. Mtu mwenye watoto akishaona hivyo anafanya nini? Ama anakataa kazi ama anaificha. Wale wa kwanza tunawaita wavivu na wa pili tunawaita wezi, na mara nyingi ni watu wale wale mbele ya hesabu ile ile.

Ndo maana nakataa hili neno la kulemaza likisemwa juu juu. Abhijit Banerjee, yule mchumi aliyepata Nobel 2019, na wenzake walikusanya majaribio 7 ya misaada ya pesa kwenye nchi 6, hawakuona dalili za maana kwamba waliopewa waliacha kufanya kazi. Finland nao 2017 na 2018 waliwapa watu 2,000 wasio na ajira yuro 560 kila mwezi na hata mtu akipata kazi hakatwi, na siku za kazi hazikupungua, ziliongezeka kidogo tu, ila watu walisema wana amani zaidi. Marekani tangu 1975 wana nafuu ya kodi kwa wenye kipato kidogo ambayo inapanda kadiri unavyofanya kazi, ikifika kilele inashuka taratibu, haikatwi kwa shoka. Kwa hiyo inawezekana kabisa kumsaidia mtu bila kumfunga, ni namna ya kukata ndo inayomfunga.

Lakini sikiliza, pamoja na yote hayo mdogo wako anakosea na umwambie hivyo usoni. Fomu ile anaisaini. Siku wakigundua watadai zote alizolipwa isivyo halali, na pengine wataongeza faini na kesi, na kila mwezi anaonyamaza deni linazidi kukua kimya kimya. Usikimbilie kuripoti kesho. Kaa naye, chukueni hilo daftari mwende nalo ofisini, aulize kwanza kama kuna kiasi anachoruhusiwa kuingiza bila kukatwa maana mipango mingi inacho na mtu wa dirishani hakwambii mpaka uulize, na aombe majibu kwa maandishi. Anayekwenda mwenyewe kusema kwa kawaida haangaliwi sawa na aliyekamatwa, na deni la kulipa kidogo kidogo linaongeleka. Akigoma kabisa, wewe usimtolee ushahidi wa uongo wala usimsainie chochote, na ukiamua kuripoti mimi sitakulaumu.

Ila mwanangu hiyo hasira ya kodi yako bakiza nyingine kwa wakubwa. Kuna wanufaika hewa, majina ya marehemu na ya watu wasiokuwepo yanayolipwa na mtu aliyekaa ndani ya ofisi mwenye kalamu ya kuyaingiza. Huyo hana viatu vya saruji chini ya kitanda.

SWALI: Kwa nini serikali isiweke kompyuta zikamate wadanganyifu wote, tumalize?

JIBU: Wapo waliojaribu kaka yangu na iliumiza watu. Australia kuanzia 2015 mashine ilichukua kipato cha mwaka mzima cha mtu ikakigawa sawa kwa kila wiki 2, kana kwamba kila mtu anapata kazi mfululizo, halafu ikatoa madeni kwa mamia ya maelfu ya watu ambao wengi hawakuwa na deni lolote, na mzigo wa kuthibitisha ukawa wa mdaiwa, atafute hati za mishahara za miaka ya nyuma. 2019 mahakama ikakubali kwamba haikuwa halali na hela ikabidi zirudishwe. Uholanzi nako maelfu kwa maelfu ya wazazi waliitwa wadanganyifu wa ruzuku ya malezi ya watoto, wengine kwa kukosa saini tu, wakafilisika, na Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu. Kompyuta ioneshe palipo na shaka, sawa, ila kabla mtu hajakatwa chakula cha watoto wake lazima binadamu akae asome faili na amsikilize.

SWALI: Baba amefariki miezi 3 sasa, pensheni bado inaingia na kaka mkubwa anasema tuitumie, ni haki ya baba.

JIBU: Poleni sana na msiba wanangu. Haki ya baba iliishia siku aliyofariki, labda kama kuna mafao ya mjane au ya watoto, na hayo yanaombwa kwa fomu yake. Hizo za miezi 3 zitadaiwa na atakayeulizwa ni yule aliyetoa. Pelekeni cheti cha kifo wiki hii, ulizeni mafao ya mama hapo hapo, na kadi ya benki ya marehemu asibaki nayo mtu yeyote.