Gemu isiyosimama

SWALI: Kaka, nacheza Dark Souls. Mama akinituma dukani nafungua menyu, kumbe adui bado ananikata tu! Mbona haisimami? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Mdogo wangu, gemu hiyo ya 2011 inaruhusu wachezaji wengine waingie kwenye dunia yako kukuwinda. Ukisimamisha, yule mwenzio afanyeje? Mimi naafiki. Tena inajihifadhi yenyewe kila mara. Iliyonitesa ni San Andreas ya 2004: mpaka urudi nyumbani ndipo uhifadhi. Siku moja, Kinondoni, nimemaliza ile misheni ya treni, jasho linanitoka, nimebakiza kona moja nifike, paa! Umeme. Feni nayo kimya. Wewe ukitumwa, toka kwanza hadi menyu ya mwanzo. Utaikuta sehemu ileile uliposimama, na mama atapata chumvi yake.