Kromosomu 33: mbuni wa baba mkwe uliokataa kuzaa, na jinsi spishi mpya ya mmea inavyozaliwa

Mkuu umeuliza swali zuri na naona wengi wamekujibu kwa mkato tu. Umesema chotara hazai, mfano nyumbu (yule wa punda na farasi, sio wa Serengeti), sasa inakuwaje wataalamu wa mimea wanasema spishi mpya inaweza kutokea kwa kuchanganya spishi mbili, tena bila kusubiri mamilioni ya miaka? Mimi nafundisha baiolojia sekondari, ila hili sikulielewa vizuri darasani, nimelielewa kwenye kibanja cha baba mkwe wangu huko Karagwe mkoani Kagera, kwa hiyo ngoja nieleze kirefu.

Karagwe watu wanalima kahawa zote mbili, robusta na arabika, na mzee anazo zote chini ya migomba. Kati ya arabika zake kuna mbuni mmoja aliuotesha mwenyewe kwa mbegu zake, ukakua kwa fujo, mrefu kuliko wenzake, majani mapana na manene, na mvua ikinyesha unachanua mweupe mti mzima mpaka nyuki wanavuma kama mzinga umehamia pale. Halafu basi. Ukirudi baada ya miezi unakuta buni za kuhesabu kwa vidole. Nilipasua kadhaa kwa ukucha, nyingi ndani hamna kitu, ganda na utelezi tu, nyingine ina punje moja ya duara upande mmoja na upande wa pili pametupu. Mzee alishachoka nao, akaniambia "mwanangu, mti unaochanua bila kuzaa unanilia mbolea bure, kesho naung'oa napanda mgomba." Nikamwomba, baba tuuache kwanza, nataka kujua una nini.

Sasa hapa ndo penye jibu lako. Kromosomu ni vile viuzi vidogo ndani ya seli vinavyobeba urithi, vichukulie kama kanga. Kanga inauzwa doti, vipande viwili vya mchoro mmoja. Robusta ina kromosomu 22, yani doti 11. Mmea unapotengeneza chavua au yai lazima kila kipande kimtafute mwenzake wa mchoro uleule, wakae pamoja, ndo wagawane, kimoja huku kingine kule, kila upande utoke na vipande 11 kamili. Ukichanganya spishi mbili tofauti mtoto anapata vipande 11 vya baba na 11 vya mama, jumla ni 22 vizuri kabisa, anakua vizuri, lakini hakuna doti hata moja iliyokamilika! Ukifika wakati wa kugawana inakuwa vurugu, huku vinaenda vinane, kule kumi na nne, chavua inakufa. Nyumbu ndivyo alivyo, ana kromosomu 63, farasi 64 na punda 62.

Ila mmea una njia ambayo nyumbu hana. Mara mojamoja seli inanakili kromosomu zake zote halafu inasahau kugawanyika, au chavua inatoka na kromosomu zote badala ya nusu. Hapo kila kipande kimepata nakala yake, vile vipande 22 vya upweke vimekuwa 44, doti 22 zilizokamilika, na yule aliyekuwa tasa anaanza kuzaa. Mmea wenye seti zaidi ya mbili (kwenye kahawa seti moja ni vipande 11) wanauita poliploidi.

Na hiyo ndo historia ya arabika yenyewe, sio mfano wa kufikirika. Arabika ina kromosomu 44. Mzazi mmoja ni robusta, yani Coffea canephora, mwingine ni kahawa ya porini inaitwa Coffea eugenioides, mbuni mwembamba wenye majani madogo na kafeini kidogo, unaota misitu ya nyanda za juu huku kwetu Maziwa Makuu, Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo mpaka magharibi ya Tanzania. Zote mbili zina 22. Zikakutana mahali, zikachanganyika, seti zikajidabo, ikazaliwa kahawa ambayo porini inapatikana hasa misitu ya kusini magharibi mwa Ethiopia. Utafiti wa jenomu (yani urithi wote wa mmea) uliotoka 2024 unaweka tukio hilo kati ya miaka 350,000 na 610,000 iliyopita. Zaidi ya nusu ya kahawa inayonyweka duniani imetokana na ndoa hiyo.

Kuna kitu hapa watu wanakiruka na mimi naona ndo utamu wote. Wazazi wote wawili hawawezi kujichavusha, robusta ukiiotesha peke yake haizai, inataka chavua ya mti mwingine tofauti nayo. Sasa fikiria huo mti wa kwanza wenye 44, uko peke yake msitu mzima, hana wa kuoana naye. Akiolewa na robusta ya jirani, watoto wanapata 22 za huku na 11 za kule, 33, hesabu haigawanyiki. Angekufa na ukoo wake ukaishia pale. Kilichomwokoa ni kwamba arabika inajichavusha yenyewe, ua lake linajitosheleza. Kwa hiyo tangu kizazi cha kwanza mlango wa kurudi kwa wazazi umefungwa na mlango wa kuzaa peke yake umefunguliwa. Ukiniuliza spishi ni nini mimi nakwambia ni huo mlango uliofungwa, na hapa umefungwa bila mlima wala mto kutenganisha watu.

Turudi kwa mzee. Nilianza na njia rahisi ya rangi ya kucha, unaipaka nyuma ya jani, ikikauka unaibandua kwa selotepu, unabandika kwenye kioo na kuangalia kwa hadubini ya shule. Unaona alama za vitundu ambavyo jani linapumulia. Vya robusta vidogo na vimesongamana, vya arabika vikubwa na vimeachana, kwa sababu seli yenye kromosomu nyingi kawaida inakuwa kubwa. Jani la ule mti lilikuwa katikati. Nikasema hapa kuna jambo. Nikakata vikonyo nikavifunika kwa nailoni kivulini, karibu miezi minne vikatoa mizizi, nikapeleka ncha za mizizi kwa rafiki yangu mwenye hadubini ya maana, tukazilainisha kwa asidi, tukatia rangi, tukabonyeza chini ya kioo. Kromosomu za kahawa ni ndogo mno aisee, vinukta tu vimelaliana, siku ya kwanza tulipata 31, tukarudia 34, macho yanatoka machozi, mpaka tulipopata seli chache zilizotandazika vizuri tukahesabu kila mtu kivyake bila kuambiana. 33. Zote.

Yani chavua ya robusta ya mzee mwenyewe ilivuka ikaingia kwenye ua la arabika yake. Na ndio maana ulikuwa na nguvu vile na hauzai: zile 11 za robusta zinapata wenzao ndani ya arabika (si arabika ina nusu ya robusta?), ila zile 11 za eugenioides zinabaki bila wenzao.

Nilipomweleza mzee akanyamaza, halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mwanafunzi: "na ndizi? Mbona haina mbegu na inanilisha miaka yote?" Nilisimama pale nikacheka kwa furaha, maana matoke yake nayo ni 33! Migomba ya porini ina 22, hii ya kwetu ya kupika ina seti tatu, karibu tasa kama ule mbuni. Tofauti ni kwamba kwenye ndizi tunakula nyama ya tunda, mbegu zikikosekana ndo raha, na mgomba unaendelea kwa machipukizi anayohamisha mtu kwa jembe. Kwenye kahawa tunachokunywa ni mbegu yenyewe. Utasa uleule, huku unalisha ukoo mzima, huku unang'olewa.

Kwa wakulima mliopo humu: arabika kuzaliwa kwa njia hii kumeiachia ufukara. Imetokana na mti mmoja au michache, inajichavusha, na mbegu zilizosambaa duniani kupitia Yemen zilikuwa chache, kwa hiyo mibuni ya arabika inafanana mno na ugonjwa ukiingia unapiga wote. Kutu ya majani ilipoingia Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1869 iliua kilimo cha kahawa pale wakahamia chai. Kinga ikaja kupatikana kwenye mti mmoja kisiwani Timor, uligunduliwa miaka ya 1920, chotara wa arabika na robusta kama wa mzee ila wenyewe una 44, kwa sababu robusta ilichangia kromosomu zote 22 badala ya 11. Damu ya mti ule imo kwenye aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 iliyotolewa Kenya 1985 na kwenye chotara nyingi zinazovumilia kutu. Ndo maana nasema msing'oe haraka mti wa ajabu.

Mzee hakuung'oa. Msimu uliopita tulipata punje 12 nzima, nikazisia zote kwenye viriba, zimeota nne. Mbili zimedumaa, moja ya kawaida, na moja ina majani manene ya kijani iliyokolea, vitundu vyake nimevipima ni vikubwa kama vya arabika. Ikitoa mizizi ya kutosha nitakata ncha, nikimaliza kuhesabu narudi kwenye uzi huuhuu na picha.