Ukienda kujadili mgao wa bidhaa, beba mtu wa forodha

Ninyi mnaojiunga na ujumbe wa biashara mwaka huu, mtakuta kila mtu ameikariri tarakimu ya mgao, yaani kikomo cha bidhaa ambazo nchi moja inaweza kuiuzia nyingine: tani ngapi, vipande vingapi. Itapiganiwa mpaka usiku wa manane, halafu ukurasa unaoeleza maana ya maneno ya mkataba upitishwe harakaharaka watu wakawahi ndege. Ninyi anzeni na ukurasa huo, mtu wa forodha akiwa pembeni, maana ndiye anayejua mzigo unavyohesabiwa.

Mwaka 1981 Japani ilikubali "kwa hiari" kutouza Marekani zaidi ya magari milioni 1.68 kwa mwaka. Hiari gani, wakati Bunge la Marekani lilikuwa linanoa sheria ya kuwabana? Lakini ukomo ule ulihesabu magari, haukuhesabu dola. Wajapani wakapunguza vigari vya bei poa, wakapeleka makubwa yenye faida nono. Acura, chapa ya kifahari ya Honda, ikaingia mwaka 1986; Lexus, ya Toyota, mwaka 1989. Honda nayo ikaanza kuunda magari Ohio mwaka 1982, na gari la Ohio halimo kwenye hesabu ya mauzo ya nje. Uhaba ukapandisha bei, na kwa kuwa mgao uligawiwa na serikali ya Japani yenyewe, faida ya uhaba ikaingia mifuko ya Wajapani. Mkiwa upande wa muuzaji, msimwachie karani suala la nani atagawa leseni za kuuza ndani ya mgao. Pesa iko hapo.

Kwenye nguo ilikuwa hivyo hivyo. Mkataba wa kimataifa wa mgao wa nguo wa mwaka 1974 ulitaja pamba, sufu na nyuzi za viwandani. Masweta ya rami, uzi wa mmea ambao haukutajwa, yakafurika sokoni mpaka mkataba ukapanuliwa mwaka 1986.

Wala msijidanganye kwamba nchi ndogo haionekani. Mwaka 1994 Marekani iliiwekea Kenya mgao wa mashati na foronya. Naam, foronya! AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ya kuzifungulia soko nchi za Afrika, ndiyo iliyokuja kuuondoa.

Siku hizi kanuni za Shirika la Biashara Duniani (WTO) zinakataza ile "hiari" ya Kijapani, ila kuzuia kwa muda chakula kisiuzwe nje ya nchi wakati wa upungufu kunaruhusiwa, kwa hiyo kazi bado ipo. Kabla ya kusafiri, kaa na mwenye kiwanda umuulize: ukifungiwa hiki, utauza nini badala yake? Wenzako upande wa pili wameshamuuliza wa kwao. Mezani, soma kwanza maneno yaliyo kwenye mabano ya mraba, yaani yale ambayo bado hayajakubaliwa, kisha uliza mzigo unahesabiwa siku unapopakiwa au unapoteremshwa. Meli iliyoondoka Desemba ikafika Januari inaweza kula mgao wa mwaka unaofuata.