Kabla ya kukata tiketi ya Bali, tazama kalenda yao

Wanaoniuliza kuhusu Bali huanza na malazi: tukae Kuta, Sanur au Ubud? Mimi huwaomba tuanze na tarehe. Katika mkoa huu wa Indonesia, sikukuu ndiyo huamua barabara ipi ifungwe, dereva yupi apatikane, na hata kama ndege itatua.

Chukua Nyepi, mwaka mpya wa kalenda ya Saka inayofuatwa na Wahindu wa Bali, ambao kwa kawaida huangukia Machi. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa hiyo hiyo kesho yake, kisiwa kizima hunyamaza. Hakuna moto wala taa, hakuna kazi, hakuna safari, hakuna burudani. Uwanja wa ndege wa Ngurah Rai hufungwa, na tangu 2018 intaneti ya simu huzimwa pia. Mgeni naye hatoki nje. Pecalang, walinzi wa kimila waliojifunga saruni za miraba myeusi na myeupe, hupita mitaani kuhakikisha hilo.

Wapo wanaoikwepa tarehe hiyo. Nawasihi wafanye kinyume chake. Sijui mahali pengine ambapo kisiwa chenye mamilioni ya watu hukubali kutulia pamoja namna hiyo, na kama mbingu haina mawingu, nyota za usiku huo zinatosha kukulipa gharama ya safari. Ila jipange. Ukiwa umepanga nyumba, nunua chakula siku moja kabla kwa kuwa maduka hayafunguliwi. Hotelini utapikiwa, lakini usiku utaombwa ufunge mapazia. Na ukiwa na mtoto mdogo, mweleze mapema kwa nini hatutoki leo.

Fika siku kadhaa kabla. Utaona maandamano ya melasti, watu waliovaa nyeupe wakipeleka vyombo vitakatifu vya mahekalu baharini kutakaswa. Kisha jioni ya mkesha hutoka ogoh-ogoh, sanamu kubwa za mashetani ambazo vijana wa kila mtaa huzitengeneza kwa wiki nyingi. Huzibeba mabegani kwa ngoma na kelele, na kwenye njia panda huzizungusha. Simama karibu na njia panda, lakini nyuma kidogo, na uwe umefika tangu alasiri kwa sababu magari hayatapita baadaye.

Galungan, sikukuu ya Wahindu hao ya ushindi wa wema dhidi ya uovu, ni ya aina nyingine kabisa. Huja kila baada ya siku 210, kwa hiyo tarehe yake huhama, na siku kumi baadaye hufuata Kuningan, siku ya kuifunga. Nguzo ndefu za mianzi zilizopambwa, penjor, huinama juu ya barabara za vijijini, na kwangu huo ndio wakati kisiwa kinapopendeza kuliko wote. Familia hurudi kwenye vijiji vyao, hivyo weka miadi na dereva mapema na usimlaumu akikataa. Anayetaka ngoma za jukwaani aje Juni au Julai, kwenye Pesta Kesenian Bali mjini Denpasar, tamasha la sanaa linalofanyika tangu 1979.

Hekaluni jifunge saruni na mshipi wa kitambaa kiunoni. Mwanamke aliye katika hedhi haruhusiwi kuingia, na kwa kawaida kibao cha mlangoni husema hivyo. Usipite mbele ya watu wanaosali ili upige picha. Vile visahani vya majani ya mnazi vyenye maua utakavyoviona chini njiani, canang sari, ni sadaka ya mtu, vizungukie. Tangu Februari 2024 mgeni kutoka nje hulipa tozo ya rupia 150,000, na inalipika mtandaoni kabla ya kufika.

Sasa fukwe. Kuta na upande wote wa magharibi una mawimbi mazuri kwa wanaoteleza juu ya ubao, lakini mikondo yake huvuta watu. Ogelea kati ya bendera za nyekundu na njano tu. Miezi ya mvua, hasa Desemba hadi Machi, upepo husukuma taka ufukoni huko, kwa hiyo mkija kwa ajili ya Nyepi kaeni Sanur, ambako miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi. Wenye subira ya barabara ndefu waendelee hadi Amed, kaskazini-mashariki. Mchanga wake ni mweusi, na matumbawe yako karibu kiasi kwamba miwani ya maji na mpira wa kupumulia vinatosha.